Njia Zisizo na Magari: Dawa ya Moyo Mashambani mwa Ufaransa

Je, ndugu msomaji, ni mara ngapi daktari amekupima presha, akatikisa kichwa, kisha akakuambia, "Fanya mazoezi"? Bila shaka uliitikia. Lakini ulipotoka nje ya lango la hospitali ulikutana na barabara yenyewe: matatu zikigombania abiria, malori yakitema moshi mweusi, na pikipiki zikipita hadi sehemu ya wanaotembea kwa miguu. Baiskeli uliyonunua kwa nia njema mwezi wa Januari ingali imeegemea ukuta nyuma ya nyumba, na cheni yake imeshika kutu.

Usijilaumu kupita kiasi. Hofu yako ina msingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walifariki katika ajali za barabarani ulimwenguni mwaka wa 2021. Hapa Kenya, katika miaka ya karibuni, barabara zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na walio wengi ni wale wasio na bati la kuwakinga: watembeao kwa miguu, waendeshao pikipiki na waendeshao baiskeli. Kwa hivyo mtu wa mjini anajikuta kati ya moto na maji. Akikaa, moyo unaharibika. Akitoka, gari linamngoja.

Leo tutaitazama nchi moja iliyokabiliana na shida hiyo kwa njia ambayo huenda hukuitarajia. Nchi hiyo ni Ufaransa. Tutaelekea mashambani, mbali na Paris na taa zake, katika njia za changarawe ambazo gari haliruhusiwi kupita.

Usidhani kwamba Wafaransa hawana ajali. Zaidi ya waendesha baiskeli 200 hufariki katika barabara zao kila mwaka, na wengi wao hufa nje ya miji, katika barabara nyembamba za mashambani ambako magari hukimbia kilomita 80 au 90 kwa saa. Basi walifanya nini? Walirudi nyuma wakatazama mambo ambayo mababu zao waliyajenga na kuyaacha.

RELI ILIYOKUFA IKAFUFUKA

Mnamo 1878 na 1879, waziri wa ujenzi wa Ufaransa, Charles de Freycinet, alitoa mpango mkubwa wa kuongeza reli nchini humo kwa karibu kilomita 9,000, ili treni ifike hata katika miji midogo ya bara. Milima ikatobolewa mahandaki, na mito ikajengewa madaraja ya mawe. Hata hivyo, baada ya muda lori na gari dogo vilichukua mizigo na abiria. Katika karne ya 20 reli nyingi za mashambani zilifungwa, vyuma vikang'olewa, magugu yakaota.

Lakini ardhi ilibaki, na hapo ndipo penye siri. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hivyo mahali palipopita reli huinuka polepole sana. Kinachomfaa mvuke wa treni kinaufaa pia moyo wa binadamu aliyeanza mazoezi akiwa na umri wa miaka 50.

Mnamo 1997, katika jimbo la Saône-et-Loire, eneo la Burgundy, njia ya kwanza ya aina hii ilifunguliwa kati ya miji ya Givry na Cluny, umbali wa kilomita 44 hivi. Wafaransa waliziita "voies vertes", yaani njia za kijani. Njia ile hupita kati ya mashamba ya mizabibu na malisho ya ng'ombe weupe. Karibu na Cluny lipo handaki la zamani la reli lenye urefu wa kama mita 1,600, nalo hufungwa wakati wa baridi ili popo walalao humo wasisumbuliwe. Ikiwa popo wana siku zao za mapumziko, je, wewe?

Mwaka wa 2004 sheria za barabarani za Ufaransa ziliipa njia ya kijani maana rasmi: ni ya watembeao kwa miguu, wapanda farasi na vyombo visivyo na injini. Njia ya kwanza ya Givry iliwekwa lami, ila nyingine nyingi ziliachwa na changarawe laini iliyoshindiliwa, mfano wa murram yetu iliyotengenezwa vizuri.

Mfano mzuri ni ile iitwayo Dolce Via, katika milima ya Ardèche, kusini mashariki mwa nchi. Ina urefu wa karibu kilomita 90. Inaanzia La Voulte, kando ya mto mkubwa wa Rhône, ikifuata bonde la mto Eyrieux hadi mji wa Le Cheylard, kisha inagawanyika: mkono mmoja unapanda Saint-Agrève, ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na mwingine unaelekea Lamastre. Ingawa milima hiyo ni mirefu, kwa kila mita 100 unazosonga mbele njia hupanda takriban mita 3 tu au pungufu. Utapita juu ya madaraja ya mawe na ndani ya mahandaki yenye baridi, huku mto ukinguruma chini na misitu ikikufunika kwa kivuli.

Hapa pana jambo litakalomfurahisha msomaji wa Kenya. Reli hiyo ya Ardèche ilikuwa na upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, upana uleule wa reli iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901. Treni za Ardèche zilisimamishwa mwaka wa 1968, ingawa katika bonde jirani la mto Doux treni ya mvuke bado hupandisha watalii kuelekea Lamastre. Kwingineko, palipopita treni sasa wanapita mama na watoto wao.

MFEREJI WA VITA, NJIA YA AMANI

Si reli peke yake. Kabla ya reli, mizigo ya Ufaransa ilisafiri kwa mashua katika mifereji iliyochimbwa kwa mikono. Mashua hizo hazikuwa na injini. Zilivutwa kwa kamba na farasi au na watu waliotembea ukingoni. Ndiyo maana kando ya kila mfereji kuna njia tambarare, na njia hiyo ingalipo.

Mfereji wa Nantes hadi Brest, huko magharibi katika eneo la Brittany, una urefu wa kilomita 364. Uliamriwa na Napoleoni kwa sababu manowari za Waingereza zilikuwa zikiziba bahari, naye alitaka bandari ya Brest ipate mahitaji kwa njia ya bara. Kazi ilianza 1811 na kumalizika 1842, wakati Napoleoni mwenyewe alikuwa amekwisha kufa zamani. Karibu na kijiji cha Glomel, wafungwa walichimba kilima kwa sururu na makoleo tangu 1823 hadi 1832, nao wengi waliacha maisha yao pale. Unapoteleza leo kwa baiskeli katika bonde hilo lililochimbwa, penye kivuli na ukimya, ni vyema kukumbuka kwamba starehe yako ilikuwa jasho la wengine.

Sehemu kubwa ya njia ya mfereji huu ni mchanga na changarawe, haina magari, tena ni tambarare. Kuna zaidi ya malango 230 ya maji, yale yaliyokuwa yakipandisha na kushusha mashua, na karibu na kila lango kuna nyumba ndogo ya mlinzi. Kwa mazoezi ni kama kupewa vipimo bure: leo unaendesha malango matatu, wiki ijayo matano. Utaipita ngome ya Josselin inayojitazama majini, na mji wa Pontivy, kisha utafika ziwa la Guerlédan. Hapo bwawa la umeme lililokamilika mwaka wa 1930 liliufunika mfereji, na mashua haziwezi kupita tena. Waendesha baiskeli huzunguka, safari ikaendelea.

Mbali na reli na mifereji, kuna vichochoro vya shamba ambavyo ni mali ya kijiji, lakini viko wazi kwa umma. Hivi havina alama nyingi na trekta la mkulima linaweza kukutokea. Mkulima ni mwenye kazi na wewe ni mgeni, basi simama umpishe na kumwamkia.

BAISKELI YENYEWE

Baiskeli inayofaa njia hizi inajulikana kama baiskeli ya changarawe. Ukiitazama haraka utadhani ni ya mashindano, kwa kuwa usukani wake umepinda chini kama pembe za kondoo dume. Lakini tairi zake ni nene, kati ya milimita 35 na 50 hivi, breki zake ni za sahani, na gia zake ni nyepesi kwa kupanda mlima. Usiwe na wasiwasi ikiwa huna. Katika njia za reli na mifereji hata baiskeli ya kawaida yenye tairi pana inatosha. Wazee wetu walibeba magunia ya mahindi kwa "Black Mamba" katika njia mbaya kuliko hizo.

Lililo muhimu ni baiskeli ikutoshe. Kaa juu ya kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Kisha ukiweka sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakunja kidogo tu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini mno, magoti yatauma upande wa mbele. Kikiwa juu mno, nyonga zitayumba na mgongo utalalamika. Aidha, usijaze tairi upepo mpaka ziwe ngumu kama mawe. Tairi yenye upepo wa kiasi humeza mitikisiko ya changarawe badala ya kuipeleka mikononi na mgongoni mwako.

MWILI UNAFAIDI NINI?

Katika mwongozo wake wa 2020, WHO lilisema kwamba mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mazoezi ya wastani utayajuaje? Ni rahisi: ukiwa unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, umefika. Ukishindwa hata kutaja jina lako, punguza mwendo.

Baiskeli ina heshima yake ya pekee kwa sababu kiti ndicho kinachobeba uzito wako. Mtu mnene, au mwenye magoti mabovu, ambaye kukimbia kwake ni adhabu, anaweza kuendesha saa nzima bila kuumiza viungo. Wakati huohuo misuli mikubwa ya mapaja inafanya kazi, nayo huitumia sukari iliyo katika damu. Ndiyo sababu mazoezi haya humfaa mgonjwa wa kisukari. Mazoezi ya mara kwa mara pia hushusha presha, huimarisha moyo na huleta usingizi mzuri.

Lakini kwa nini njia isiyo na magari? Kwanza, unapofanya mazoezi unavuta hewa nyingi mara kadhaa kuliko ukiwa umekaa. Ukiwa nyuma ya lori, moshi nao unauvuta mara hizo hizo. Pili, kelele yenyewe ni ugonjwa. Mwaka wa 2018 ofisi ya WHO ya Ulaya ilipendekeza kwamba wastani wa kelele za magari wanazopata watu usizidi desibeli 53, kiwango kinachokaribia mazungumzo ya sauti ya chini, kwani kelele za kila siku huuchosha moyo. Tatu, na huenda hili ndilo kubwa, mtu asiyeogopa hurudia. Zoezi lililofanywa mara moja kwa ushujaa halimfai mtu kama lile alifanyalo kila wiki bila kufikiri. Katika njia za Ufaransa utakutana na watoto wanaojifunza, wajawazito wanaotembea, na mabibi wa miaka 70 wakiendesha baiskeli zenye vikapu mbele. Hao wote barabara kuu ingewafukuza.

TAHADHARI KABLA YA HATARI

Hata hivyo, njia isiyo na gari si njia isiyo na hatari. Ikiwa una presha, ugonjwa wa moyo au kisukari, mwone daktari kwanza. Atumiaye insulini asiondoke bila sukari au peremende mfukoni. Akihisi kutetemeka, kutokwa jasho jembamba na kizunguzungu, ashuke mara moja na ale. Maumivu ya kifua si jambo la kuvumilia. Nchini Ufaransa namba ya kuita msaada wa daktari ni 15, na 112 hujibiwa kote Ulaya.

Ganzi ya vidole hutokana na kukandamiza usukani kwa muda mrefu, basi badilisha mshiko kila mara. Ganzi ya sehemu za siri, kwa wanaume na wanawake, ni onyo kwamba kiti kinabana mishipa. Usione haya. Simama juu ya pedali, au shuka upumzike, kisha rekebisha kiti au ukibadilishe.

Kuna pia kupe wa misituni. Kule Ulaya baadhi yao hueneza ugonjwa wa Lyme. Baada ya safari jikague nyuma ya magoti, kwapani na kwenye kinena. Ukimkuta kupe, mng'oe kwa kibanio bila kumpaka mafuta. Ukiona alama nyekundu ya mviringo inayopanuka siku au wiki kadhaa baadaye, kimbia kwa daktari, maana ugonjwa huo hutibika kwa dawa za kuua bakteria.

Tangu Septemba hadi mwisho wa Februari, takriban, ni msimu wa kuwinda nguruwe mwitu na paa. Oktoba 2018, raia mmoja wa Uingereza aliyekuwa akiendesha baiskeli milimani karibu na Les Gets aliuawa kwa risasi ya mwindaji. Vaa rangi kali, na ukiona kibao chenye maneno "Chasse en cours", yaani uwindaji unaendelea, badilisha njia.

Na jua la kiangazi lisidharauliwe. Joto kali la Agosti 2003 liliua watu karibu 15,000 nchini humo, wengi wao wazee. Endesha asubuhi mapema na ubebe maji. Maduka ya vijijini mara nyingi hufungwa adhuhuri, na mengine hayafunguliwi Jumatatu. Usishangae ukiwaona waendesha baiskeli wakijaza chupa makaburini. Huko mifereji ya maji huwekwa kwa ajili ya kumwagilia maua, na mara nyingi ni safi. Lakini kibao kikisema "eau non potable", hayo si ya kunywa.

MZEE WA SAINT-ÉTIENNE

Mtu aliyewafundisha Wafaransa kusafiri kwa baiskeli kwa ajili ya afya ni Paul de Vivie, aliyezaliwa 1853 na kujulikana kwa jina la Vélocio. Aliishi Saint-Étienne, mji usio mbali na milima ya Ardèche. Alizipigania gia wakati ambapo wengi walidai kwamba gia ni za wanyonge. Wasia wake ulikuwa mwepesi: ule kabla njaa haijakushika, unywe kabla ya kiu, upumzike kabla ya kuchoka, wala usiendeshe kwa ajili ya majivuno. Madaktari wa leo hawana la kupunguza hapo.

Mzee huyo alizunguka milima mpaka uzeeni akiwa mkakamavu. Alifariki 1930, si kwa maradhi ya moyo. Aligongwa na tramu, lile gari la reli la mjini, katika barabara ya Saint-Étienne. Mwili ulikuwa tayari kuendelea, ni njia iliyomkatiza.

NA SISI JE?

Huenda ukauliza, "Ufaransa ni mbali, mimi yanihusu nini?" Yanakuhusu. Christopher Froome, aliyeshinda mashindano ya Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985. Alipokuwa mvulana alifunzwa na David Kinjah huko Kikuyu, katika njia za udongo za vijijini. Bingwa wa Ufaransa aliumbwa na vumbi letu. Basi njia tunazo, tunachokosa ni kuzilinda.

Anza na ulichonacho. Msitu wa Karura jijini Nairobi una njia za baiskeli za udongo ambazo magari hayapiti. Kama uko kwingine, tafuta njia za mashamba, asubuhi kabla ya msongamano. Wiki ya kwanza endesha dakika 20 siku tatu, mahali tambarare. Kila wiki ongeza dakika tano. Baada ya miezi miwili hivi utakuwa unaendesha saa nzima. Vaa helmeti, na usiende peke yako mahali usipopajua.

Kisha lipo la pili, ambalo halifanywi na mtu mmoja. Njia za kijani za Ufaransa hazikuota zenyewe. Mabaraza ya mikoa na vijiji yaliamua kwamba ardhi ya reli iliyokufa ibaki mali ya wote. Ingeuzwa vipande vipande, leo pangekuwa na nyua na magereji, na hakuna daktari ambaye angeweza kuirudisha. Kwa hivyo utakaposikia kwamba kichochoro cha mtaa wako kimezibwa, au ukingo wa mto umenyakuliwa, usiseme hayo ni ya wanasiasa. Uliza, andika barua, hudhuria baraza. Kinachonyakuliwa ni dawa yako ya presha.

Jumamosi hii, itoe baiskeli pale ukutani. Safisha cheni, itie mafuta, kagua breki, na ujaze upepo wa kiasi.